Herufi ya ng' imegeuka kisanduku: kutafuta kosa katika herufi adimu za maandishi ya Kiarabu

"Kijana wangu," ustadhi aliniambia, kadi akiisogeza mlangoni ipate mwanga, "hapa umeandika Ghwanza."

Nilikuwa nimeshachapa kadi mia mbili za Maulidi. Yeye alitaka jina la mji wetu wa Mwanza liandikwe kama Wasukuma wanavyoliita, Ng'wanza, kwa herufi za Kiarabu: ڠوانزا. Aliliandika mwenyewe kwenye simu akanitumia. Mimi nilipofungua kwenye kompyuta ya dukani nikaona kisanduku kitupu mwanzoni mwa neno, nikadhani ni uchafu tu, nikakifuta na kuweka غ mahali pake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kadi nikazichapa upya kwa karatasi yangu.

Tangu siku ile steshenari yangu, hapa jirani na Makoroboi, imekuwa zahanati ya herufi hizi. Vinakuja vyeti vya madrasa kutoka Igoma, daftari za kasida kutoka Ukerewe, majina ya mitumbwi ya Mwaloni Kirumba. Magonjwa ni yaleyale machache, na nimeyaandika hapa kwa dalili zake. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, namaliza na ile ya nadra.

Kwanza, uliza namba

Kompyuta haihifadhi sura ya herufi. Inahifadhi namba, na orodha ya namba hizo inaitwa Unicode. Sura unayoiona inatoka kwenye fonti. Kazi ya kushikanisha herufi na herufi inafanywa na programu ikishirikiana na fonti. Kwa hiyo kosa linaweza kukaa sehemu tatu, na ukitibu fonti wakati namba ndiyo mbovu, utakesha.

Herufi zinazoletwa sana dukani kwangu ni hizi: پ ya p ni 067E, چ ya ch ni 0686, ڤ ya v ni 06A4, na ڠ ni 06A0. Hii ya mwisho ustadhi wangu anaitumia kwa ng', kama Wamalei wanavyofanya katika maandishi yao ya Jawi. Wapo waandishi wa Kiswahili wanaoitumia kwa g ya gari, na wapo wanaochukua ݝ yenye nukta mbili, namba 075D. Usibishane na mwenye maandishi. Muulize anafuata mtindo gani, kisha mfuate hadi ukurasa wa mwisho.

Kuijua namba ni rahisi. Kwenye Word ya Windows weka kishale mara baada ya herufi, bonyeza Alt na X. Herufi itageuka namba. Bonyeza tena, inarudi herufi. Ningejua hilo siku ya kadi, kisanduku kile kingeniambia 06A0 na ningelala usingizi wangu.

Jambo moja linawachanganya watu wanaojaribu kutengeneza herufi wenyewe: ڤ si ف iliyoongezwa nukta. Irabu kama fatha na kasra zina namba zake na zinapachikwa juu au chini ya herufi, lakini nukta hazipachikwi hivyo. Kila herufi na nukta zake ni kitu kimoja chenye namba moja. Nimeshaona mtu ameandika ع kisha akachora nukta tatu juu kwa kutumia zana ya michoro. Kwenye karatasi inapendeza. Ukiongeza neno moja mwanzoni mwa mstari, nukta zinabaki angani kama kunguni waliopotea njia.

Dalili: kisanduku kitupu mahali pa herufi

Hii ni habari njema, ingawa haifanani nayo. Kisanduku maana yake namba ipo salama, fonti ndiyo haina sura ya kuionyesha. Usikifute.

Sababu ya kawaida ni fonti ya urembo. Watu wanapakua fonti za Kiarabu za maua maua kwa ajili ya kadi za harusi, na nyingi zimetengenezwa kwa herufi za Kiarabu chenyewe tu. پ na چ unaweza kubahatika, kwa sababu Kiajemi na Kiurdu vinazitumia. ڠ ni bahati nasibu. Chagua neno lote ulipe fonti inayojulikana kubeba herufi nyingi: Scheherazade New au Noto Naskh Arabic, zote za bure. Herufi ikitokea, ugonjwa umeujua.

Ukibadilisha fonti na hakuna kinachotokea, shuku Word yenyewe. Inatunza fonti mbili kwa maandishi yaleyale, moja ya herufi za Kilatini na moja ya maandishi kama Kiarabu, na ile unayoibadilisha juu ya ukurasa huenda ikawa ya Kilatini. Chagua neno, bonyeza Ctrl na D, utaona sehemu mbili. Badilisha ile ya pili. Kama ya pili haipo kabisa, ongeza Kiarabu kwenye lugha za Office kisha fungua upya.

Sababu ya tatu ni simu au kompyuta ya zamani. ڠ ilishakuwemo kwenye Unicode miaka ya tisini, hivyo vifaa vingi vinaijua. ݝ na wenzake wa namba 0750 hadi 076D waliingia mwaka 2005, na kundi hilo liliongezwa hasa kwa ajili ya lugha za Afrika. Kundi jingine linaloanzia 08A0 liliingia mwaka 2012. Kadiri herufi ilivyochelewa kuingia, ndivyo simu ya mzee kijijini inavyokosa kuionyesha. Mtumie picha au PDF, usimtumie maandishi matupu.

Ya nadra, na ndiyo mbaya: Alt na X inakupa namba kati ya E000 na F8FF. Eneo hilo liliachwa wazi kila mtu aweke anachotaka. Mtu aliyetengeneza fonti yake miaka hiyo aliiweka ng' humo, na bila fonti yake ileile hakuna kompyuta nyingine itakayoelewa. Tafuta fonti ya asili, au chapisho la zamani lililotoka nayo, ulinganishe, kisha badilisha namba zote ziwe 06A0. Kama huna fonti wala chapisho, simama hapo. Kubuni kwamba alama ile "huenda ni ng'" ndiko kulikonitia hasara mimi.

Dalili: alama za kuuliza

Neno limekuja hivi: ?وانزا. Hapa ondoa mkono kwenye kibodi.

Alama ya kuuliza, tofauti na kisanduku, mara nyingi ina maana herufi imeshakufa. Programu fulani ilihifadhi maandishi kwa usimbaji (utaratibu wa kuandika namba za herufi ndani ya faili) wa zamani usio na nafasi ya herufi hiyo, ikaweka ? badala yake. Ule usimbaji wa Kiarabu wa Windows unaoitwa 1256 una پ na چ, lakini hauna ڤ wala ڠ. Ndiyo maana utakuta faili ambalo p na ch zimepona, v na ng' zote zimekuwa maswali. Ukiona muundo huo, huna haja ya kutafuta zaidi.

Mkosaji wa kawaida ni Notepad ya Windows za zamani, ambayo ilikuwa inahifadhi kwa usimbaji wa kizamani bila wewe kuagiza. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2019 chaguo lake la kwanza ni UTF-8, na UTF-8 inabeba herufi zote. Anayefuata ni Excel, pale faili linapohifadhiwa kama CSV ya kawaida, yaani jedwali lililogeuzwa maandishi matupu. Chagua CSV ya UTF-8. Wa mwisho ni mfumo wa kumbukumbu wa shule au taasisi ambao jedwali lake lilijengwa kwa herufi za Kilatini tu.

Kama faili bado liko wazi kwa aliyeliandika, asilifunge. Ahifadhi nakala nyingine kwa UTF-8. Kama limeshafungwa, rudi kwenye chanzo: ujumbe wa simu, barua pepe, daftari. Na kama ni mfumo wa kumbukumbu wenye majina ya mamia ya wanafunzi, usiguse mpangilio wa jedwali wewe mwenyewe, hata kama mpwa wako anasema ameona video. Chukua nakala ya akiba, umwite anayetunza mfumo. Jedwali lililogeuzwa vibaya linaweza kuua hata majina yaliyokuwa yamepona.

Dalili: maandishi yamekuwa kama Ù¾ na Ú¤, au ط na ظ zimejaa kila mahali

Inatisha ukiitazama, na kwa kawaida inatibika. Katika UTF-8 kila moja ya herufi zetu hizi huandikwa kwa baiti mbili, yaani vijinamba viwili vinavyofuatana. Programu ikisoma kila baiti peke yake kama herufi ya Kilatini, پ inakuwa Ù¾, چ inakuwa Ú†, na ڤ inakuwa Ú¤. Ikisoma kwa ule usimbaji wa 1256, utaona mistari ya ط na ظ na ع isiyosomeka. Namba ni nzima. Ni msomaji aliyevaa miwani ya mtu mwingine.

Ukaguzi wa kwanza: funga bila kuhifadhi. Kisha fungua upya ukimwambia msomaji ni UTF-8. Kwenye Excel usibofye faili la CSV mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda sehemu ya kuingiza data kutoka faili la maandishi, chagua usimbaji namba 65001, ambao ndio UTF-8. Word nayo itakuuliza ukifungua faili tupu la maandishi, na inakuonyesha kabla hujakubali.

Kama mtu alishahifadhi uchafu ule, bado kuna njia. Fanya nakala ya faili kwanza. Kwenye Notepad++ (programu nyingine, si Notepad ya kawaida) badilisha nakala iwe usimbaji wa ANSI, yaani ule wa kizamani wa Windows, kisha iambie iyasome maandishi hayohayo kama UTF-8. Mara nyingi Kiarabu kinafufuka chote.

Chote, isipokuwa ڠ. Nilisumbuka na hili siku mbili, umeme nao ukikatika na kurudi, kabla sijaelewa. Baiti zake mbili ni DA na A0. Hiyo A0, kwa usimbaji wa Kilatini na kwa 1256 vilevile, ni nafasi tupu isiyokatika. Haionekani. Kwa hiyo katika uchafu ڠ inaonekana Ú na pengo, au ع na pengo. Mtu akija "kusafisha nafasi za ziada", au programu ikigeuza pengo lile kuwa nafasi ya kawaida, baiti ya pili imekwenda na ng' haifufuki tena. پ na چ na ڤ baiti zao za pili zinaonekana kwa macho, hakuna anayezifuta kwa usafi. Basi ukipokea faili la namna hii, marufuku kulisafisha kabla ya kulifufua. Na ukishalifufua, hesabu ng' zako moja moja ukilinganisha na chanzo.

Dalili: herufi zimesimama mbalimbali, hazishikani

Kabla hujalaumu mashine: ا د ذ ر ز و kwa asili hazishiki herufi inayofuata. Ndiyo maana ڠوانزا ina mapengo. Nimeshaletewa "hitilafu" ya namna hii na mtu mzima mwenye kanzu safi, na nikalazimika kumwonyesha msahafu.

Jaribio langu ni kuandika herufi moja mara tatu mfululizo: ڠڠڠ. Ya kwanza iwe na kichwa na kushika mbele, ya pili ishike pande zote, ya tatu ishuke na mkia. Zikisimama tatu kama nguzo za umeme, kuna kosa kweli.

Sababu inayoongoza, kwenye mabango na stika, ni programu ya usanifu isiyowashwa mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati. Photoshop, Illustrator na InDesign wanao uwezo huo ndani yake, ila mara nyingi umezimwa. Upo kwenye mapendeleo ya maandishi, au kwa InDesign kwenye menyu ya aya. Matoleo ya zamani sana hayana kabisa. Ukiwa nalo hilo, andika kwenye Word, toa PDF, kisha iingize PDF kwenye bango.

Sababu ya pili ni mtego uliotegwa na dawa ya sababu ya kwanza. Fundi wa mabango akishachoka na herufi zisizoshikana, anatafuta mtandaoni kile chombo cha "kugeuza Kiarabu": unabandika maandishi, kinakurudishia yaliyoshikana na kupinduliwa. Chombo kile hakishikanishi chochote. Kinabadilisha namba za herufi zako kwa namba nyingine za sura zilizogandishwa, zilizomo FB50 hadi FDFF na FE70 hadi FEFF. Huko پ ina sura zake nne kuanzia FB56, ڤ kuanzia FB6A, چ kuanzia FB7A. Na ڠ? Haimo. Haikuwahi kuwekewa sura zilizogandishwa. Matokeo yake ni bango ambalo kila herufi imeshikana vizuri na ng' peke yake imesimama katikati ya neno kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti. Fundi atabadilisha fonti mpaka jioni. Haitasaidia.

Hakikisha kwa Alt na X: namba ikianza na FB au FE, maandishi yamepita kwenye chombo hicho, au yamenakiliwa kutoka PDF ya zamani. Dawa ni kutafuta maandishi ya asili. Yasipopatikana, ipo njia ya kuzirudisha sura kuwa herufi za kawaida, inaitwa NFKC, na anayejua kidogo lugha ya programu ya Python ataifanya kwa mstari mmoja. Tahadhari kwa kadi za dini: alama ya ﷺ ambayo ni herufi moja, FDFA, itafumuliwa kuwa maneno kamili, herufi na nafasi 18. Si kosa la maana, lakini mistari yako itasukumana. Na kama chombo kilishapindua mpangilio wa herufi, itabidi uzipindue tena. Kwa maandishi marefu kuliko ukurasa mmoja, heri uchape upya kutoka kwenye chanzo.

Sababu za nadra ni mbili. Kuna herufi isiyoonekana, 200C, kazi yake kuzuia kushikana, na Kiajemi huitumia kihalali. Inaingia ukinakili huku na huko. Weka kishale pale neno linapokatika, futa mara moja: kama hakuna kilichofutika kwa macho na neno likashikana, ulikuwa nayo. Au fonti ina ڠ ya kusimama peke yake tu, aliyeitengeneza hakumalizia sura nyingine. Hiyo badilisha tu.

Dalili: inaonekana sawa, lakini ukitafuta haipatikani

Orodha ya wanafunzi ina jina, unaliona kwa macho yako, unalitafuta kwenye Excel, linakataa. Au jina moja limesajiliwa mara mbili.

Karibu kila mara mwandishi mmoja alitumia kibodi ya Kiarabu na mwingine ya Kiurdu au Kiajemi, kwa sababu humo پ na چ zipo wazi. Pamoja nazo huja ک ya namba 06A9 badala ya ك ya 0643, na ی ya 06CC badala ya ي ya 064A. Katikati ya neno hazitofautiani kwa jicho. Mwishoni ی inakosa nukta mbili, na Kiswahili kina maneno mengi ya kuishia na i, kwa hiyo mwalimu wa madrasa ataona kabla yako. Chagua moja, tumia "tafuta na badilisha" faili zima.

Pacha mwingine ni ڨ ya 06A8, qaf yenye nukta tatu. Mwanzoni na katikati ya neno ni ڤ mtupu. Sura inaachana mwishoni tu. Mtu anaweza kuandika kurasa thelathini kwa ڨ asijue.

Na kama majina ya p, ch, v yamekwenda kujipanga mwisho wa orodha baada ya ي, hakuna kilichoharibika. Programu imepanga kwa namba, na namba zao zote ni kubwa kuliko 064A. Panga kwa mfumo unaojua mpangilio wa lugha, au ongeza safu ya pembeni yenye namba zako za mpangilio.

Dalili: herufi haipo kwenye kibodi

Kwenye kibodi ya Kiarabu ya simu, shikilia ب upate پ, shikilia ج upate چ, shikilia ف upate ڤ. Kwa ڠ jaribu kuongeza kibodi ya Jawi kama simu yako inayo. Usipoipata, hifadhi herufi hiyo kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe na uinakili kila ukiihitaji. Si maridadi, ila inafanya kazi.

Kwenye Word andika 06A0 kisha Alt na X. Badilisha kibodi irudi ya Kiingereza kwanza, maana A ya kwenye namba huwezi kuiandika kwa kibodi ya Kiarabu. Kwa kazi ndefu mimi naandika غغ kila mahali pa ng', kisha mwishoni nazigeuza zote ziwe ڠ kwa "tafuta na badilisha". Gh mbili mfululizo sijazihitaji bado.

Madogo madogo

Nukta ya mwisho wa sentensi imehamia mwanzoni, mabano yamegeuka: aya iko upande wa kushoto. Bonyeza Ctrl na Shift ya kulia.

Irabu zimepandana. Wanaoandika e na o kwa alama zake, 0656 chini na 0657 juu, hukumbana na fonti nyingi zisizojua kuziweka mahali pake. Scheherazade New inajua. Andika herufi, kisha shadda, kisha irabu.

Ujumbe wa simu wa kualika watu umekatwa vipande na gharama imepanda: si wizi. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, lakini ukiweka hata herufi moja ya Kiarabu ujumbe mzima unashuka hadi 70.

Mahali pa kusimama

Aya za Qur'ani usizirekebishe kwa chombo chochote kati ya hivi nilivyotaja, hata kama umeona kosa dogo. Chukua maandishi yaliyohakikiwa, uyaweke mazima, na aliyehifadhi asome chapisho kabla ya mashine kuendelea.

Kinachochongwa au kupakwa rangi kinataka utaratibu wake. Marumaru ya kaburi, ubao wa msikiti, ubavu wa mtumbwi: geuza maandishi kuwa michoro ndani ya PDF ili fonti ya fundi isije ikaingilia, ubaki na nakala ya maandishi ya kawaida, kisha chapa karatasi ya ukubwa halisi. Mwenye jina aisome kwa sauti mbele yako. Nilipofanya hivyo na mwenye mtumbwi mmoja pale Mwaloni, alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akasema jina ni sahihi ila mtumbwi huo ameshauuza.

Ukiletewa mswada wa zamani, kumbuka waandishi wengi wa zamani waliandika p kwa ب na v kwa ف bila kuongeza nukta. Hayo si makosa ya kompyuta wala ya mwandishi, na si kazi ya steshenari kuyasahihisha. Mpeleke kwa msomi wa hati.

Na ikitokea kweli kuna herufi kwenye hati ambayo huioni popote katika Unicode, usiibunie namba. Ipige picha safi mahali pote inapotokea, mwanzo, katikati na mwisho wa neno. Herufi mpya huingizwa kwa maombi rasmi kwa kamati ya Unicode yenye ushahidi wa namna hiyo, na anayeyaandika anatakiwa kuwa mtu wa lugha. Picha zako ndizo atakazoanzia.